Kuhama kazi baada ya grini kadi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Katika makundi ya WhatsApp ya Wakenya na Watanzania walioko Marekani, swali hili halikauki. Mtu kaletwa na mwajiri, kadi ya kijani keshaipata, na sasa kazi imemchosha au ameona nyingine yenye mshahara mnono. Aondoke? Majibu humiminika papo hapo, na mengi ni ukweli nusu nusu: sheria ya watu wa H-1B, viza ya kazi ya muda, imechanganywa na ya walioshinda bahati nasibu ya viza, na ushauri wa wakili fulani umegeuka kuwa amri ya serikali.

"Lazima ukae miezi sita." Wengine husema mwaka.

Hakuna kifungu kama hicho. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haikumwekea mwenye kadi muda wowote wa kubaki kwa mwajiri aliyemwombea. Inachoangalia ni nia. Kadi hii hutolewa juu ya ahadi: mwajiri anasema nitamwajiri huyu kwa kazi hii na mshahara huu, bila kikomo, nawe unasema nitaifanya. Siku unapopewa ukaazi wa kudumu, ahadi hiyo inatakiwa iwe ya kweli kwa pande zote mbili. Baada ya hapo mambo yanaweza kubadilika, kama yanavyobadilika kwa mfanyakazi yeyote.

Hiyo miezi sita ilitoka wapi, basi? Kwa sehemu kubwa ni siku 180 za sheria ya mwaka 2000 inayofahamika kama AC21. Sheria hiyo inamhusu mtu aliye ndani ya Marekani ambaye ombi lake la kubadili hadhi awe mkaazi wa kudumu, fomu I-485, limekaa siku 180 au zaidi bila kuamuliwa. Huyo anaweza kuhamia mwajiri mwingine hata kabla kadi haijatoka, mradi kazi mpya iwe ileile au inayofanana na ya kwanza, na anaithibitisha kwa fomu iitwayo Nyongeza J. Ni hesabu ya kabla ya kadi, watu wakaihamishia baada ya kadi.

Mawakili wengi nao huwaambia wateja wao wakae miezi sita hadi mwaka. Hiyo ni tahadhari, na binafsi naiona ya busara: anayeaga wiki ya pili atakuwa na kazi kubwa ya kueleza kwamba alikuja kwa nia ya kubaki. Ila tahadhari haigeuki sheria kwa kurudiwa sana.

"Nesi akishatua Marekani yuko huru siku hiyohiyo."

Hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Wauguzi wako kwenye orodha maalum ya Wizara ya Kazi ya Marekani, kwa hiyo mwajiri hahitaji kwanza kutangaza nafasi ili atafute Mmarekani. Wengi wa wanaotoka Kenya hupitia njia hiyo: wanafaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, wanahojiwa ubalozini Nairobi, wanapanda ndege na viza ya uhamiaji. Ukaazi wao unaanza pale ofisa wa uwanja wa ndege anapogonga muhuri. Kadi yenyewe hufuata kwa posta.

Zile siku 180 haziwahusu hawa hata kidogo, maana hawakujaza I-485. Tuseme nesi kutoka Eldoret ameombewa na nyumba ya wazee huko Texas. Anashuka Dallas, analala kwa binamu yake, asubuhi anaanza kuomba kazi katika hospitali za Minnesota na hafiki kabisa kwa aliyemwombea. Akiulizwa baadaye, atasema nini? Mwenendo wake unaonyesha kwamba alipokuwa akigongewa muhuri hakuwa na mpango wa kuifanya ile kazi. Mwenzake aliyeripoti, akafanya zamu za usiku miezi kadhaa, kisha akaona wagonjwa ni wengi kupita kiasi akatafuta kwingine, ana hadithi nyingine kabisa, na ana slipu za mshahara za kuithibitisha.

"Mwajiri akikasirika anaifuta kadi."

Hawezi. Kabla kadi haijatoka, mwajiri anaweza kuliondoa ombi lake, na hilo likaleta matatizo. Ikishatoka, hana tena kamba ya kuvuta. Kukunyang'anya ukaazi kunahitaji serikali yenyewe ianzishe mchakato, na wewe una haki ya kujitetea. Meneja anayekuambia "nitapigia uhamiaji wakurudishe kwenu" usipofanya zamu ya ziada anacheza na moto: sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu, nayo ya mwaka 2000, inakataza kumlazimisha mtu kazi kwa kutumia vibaya sheria au vitisho vya sheria.

"Mkataba unasema miaka mitatu, kwa hiyo ukiondoka kadi inakwenda."

Mkataba na kadi ni vitu viwili. Ukivunja mkataba, unaweza kudaiwa fedha, na dai hilo ni la mahakama za kawaida. Halifiki kwenye ukaazi wako. Hata hilo dai halisimami kila mara. Mwaka 2019 jaji wa mahakama ya shirikisho jijini New York aliamua kwamba faini ya dola 25,000, iliyowekwa kwa wauguzi kutoka Ufilipino watakaoondoka mapema, ilikuwa adhabu isiyo halali na ilikiuka ile sheria ya usafirishaji wa watu. Usilichukue hilo kama ruhusa ya kuchana kila mkataba, maana gharama halisi zinazodaiwa kwa kiasi zinaweza kukubaliwa. Upeleke kwa wakili wa masuala ya ajira. Wakili wa uhamiaji mara nyingi si saizi yake.

"Ukiachishwa kazi una siku 60 za kuondoka nchini."

Hizo ni za H-1B. Mwenye kadi ya kijani anaweza kukaa bila kazi, akaendesha teksi, akafungua duka la mitumba, akarudi shule. Mke au mume na watoto waliopata kadi kupitia kwako hawakufungwa kwa mwajiri yeyote tangu siku ya kwanza. Na aliyekuja kwa bahati nasibu ya viza hana mwajiri wa kumkimbia. Mjadala wote huu haumhusu.

"Kwenye uraia hakuna anayefukua ya zamani."

Wanafukua. Baada ya miaka 5 ya ukaazi unajaza fomu N-400, na humo unaorodhesha waajiri wako wa miaka hiyo yote, na tarehe. Ofisa anatakiwa kujiridhisha kwamba kadi yenyewe ulipewa kihalali. Akiona mwajiri aliyekuombea hayumo, au ulikaa kwake siku tisa tu, atauliza. Kama ulipunguzwa, kampuni ilifungwa, au ulilipwa pungufu ya ulichoahidiwa, hilo ni jibu tosha, lakini linataka karatasi: barua ya kuachishwa, fomu za W-2 zinazoonyesha mshahara na kodi ya mwaka, barua pepe za wakati ule. Zihifadhi nje ya kompyuta ya kazini, maana siku ya kuagwa huzimwa kabla hujafika kwenye meza yako.

"Ukihama kazi lazima uwaarifu uhamiaji."

Kwa aliyekwisha kupata kadi, hapana. Mwajiri mpya anakujazisha I-9, fomu ya kuthibitisha ruhusa ya kufanya kazi, unamwonyesha kadi, basi. Lakini kama kazi mpya imekuhamisha nyumba, anwani mpya unatakiwa kuipeleka uhamiaji ndani ya siku 10, kwa fomu AR-11, mtandaoni na bila malipo.