Eskepizimu (kuukimbia uhalisia) si uvivu, na kumnyang'anya mtu simu si tiba

"Huyu ni mvivu tu. Mnyang'anye simu, atakaa sawa." Wazazi na wenzi huja na maneno haya kwenye ushauri nasaha wiki baada ya wiki, na yanachosha kwa sababu yanaharibu kazi kabla haijaanza.

Mvivu hukwepa kutumia nguvu. Anayeukimbia uhalisia huzitumia nyingi: kijana anayecheza gemu saa sita mfululizo, akipanga mbinu na kukariri ramani, hajapumzika. Anachokwepa ni hisia, iwe aibu ya kufeli, deni au upweke. Akishika simu hisia hutulia papo hapo, na utulivu huo ndio humrudisha kesho. Ukimpokonya simu umeziba mlango mmoja tu. Hisia iko palepale, naye atahamia kwenye kulala mchana kutwa, pombe au kubeti.

Anzeni hivi. Kwa siku 7, kila anaposhika simu bila shughuli maalumu, aandike saa, kilichotangulia, uzito wa hisia kati ya 0 na 10, na uzito huo baada ya kumaliza. Aandike hapohapo, akingoja usiku ataandika anachodhani. Hisia ikishuka kutoka 7 hadi 3, kisha ikapanda tena muda mfupi baadaye, shughulikieni kile kilichotangulia, kwa hatua ya dakika 15: kumpigia anayemdai, kuyafungua yale matokeo. Saa za simu zipunguzwe baadaye. Wengi hugeuza mpangilio huu, kisha wanalalamika kwamba ushauri haufanyi kazi.

Wapo pia wanaosema: "Eskepizimu ni ugonjwa." Hapana. Shirika la Afya Duniani linautambua ugonjwa wa kucheza gemu katika ICD-11, mwongozo wake wa kuainisha magonjwa ulioanza kutumika Januari 2022, na hata huo una masharti: mtu ashindwe kujizuia, gemu itangulie mambo mengine, aendelee ingawa anaumia, na maisha yake yavurugike vibaya, kwa kawaida kwa miezi 12.

"Kila kutoroka kunadhuru." Mwaka 2012 Frode Stenseng wa Norway na wenzake walitenganisha aina mbili: kujizima ili usihisi, na kujipanua ili upate kitu kipya. "Napoteza mawazo" ya mitaani hubeba zote mbili, kwa hiyo uliza: ukimaliza, umerudi na nini? Na tamthilia moja baada ya kazi ni burudani, basi.

"Kusoma na kazi havimo kwenye kutoroka." Vimo. Anayebaki ofisini hadi saa tatu usiku ili asikutane na mwenzi wake anatoroka sawasawa na mcheza gemu, ila yeye husifiwa.

Alama ya hisia isiposhuka hata baada ya kucheza, au mtu akiacha kula au kutamka kwamba hataki kuishi, daftari liwekwe kando. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake njiani.