Mnyororo umekufa, bahasha haijafa

Wiki iliyopita kaka mmoja alinikalisha jikoni kwake akamwaga mezani mfuko wa plastiki. Bahasha kumi na moja, hata moja haijafunguliwa. "Hizi ni barua za madai ya maegesho, ndugu yangu. Kwenye kundi la WhatsApp wamesema tuzitupe tu, kampuni binafsi hazina meno tangu minyororo ya kufungia magurudumu ipigwe marufuku." Ya kumi na moja ilitoka mahakamani.

Nawatetea wenye magari huku Uingereza, na hadithi hii nimeisikia mpaka nimeota sugu.

Mnyororo umekufa, kweli. Tangu tarehe 1 Oktoba 2012, England na Wales, kufunga gurudumu la gari la mtu kwenye ardhi binafsi bila mamlaka ya kisheria ni jinai. Hata bango liseme "ukiegesha umekubali kufungwa", halimsaidii mfungaji. Polisi na halmashauri ni habari nyingine, msinichanganyie. Scotland walishatangulia: mwaka 1992 mahakama yao ilisema kulifunga gari mpaka mwenyewe alipe ni wizi.

Kinachosahaulika ni kwamba sheria ileile ya 2012 iliyowanyang'anya mnyororo iliwapa Jedwali la Nne, kiambatisho chake cha madai ya maegesho. Zamani kampuni ilibidi imjue dereva, ukinyamaza, imekwama. Ushauri wa "tupa" ulizaliwa enzi hizo. Siku hizi wasipomjua dereva, deni linaweza kumwangukia mtunzaji aliyesajiliwa, yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye usajili wa gari. Mtunzaji, jamani, si mmiliki! Hati ya gari yenyewe imeandika kwamba si uthibitisho wa umiliki.

Ila hawakupewa bure. Kama hawakuacha notisi kwenye gari, ni lazima iwe imemfikia mtunzaji ndani ya siku 14, ukihesabu kuanzia siku inayofuata ile ya kuegesha. Imfikie, nasema, si iandikwe. Ya posta huhesabiwa imefika siku ya pili ya kazi baada ya kutumwa, mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa hiyo mimi huanza na kalenda, mengine baadaye. Halafu nagundua mteja ameshawapigia simu: "Samahani sana, nilikuwa naendesha mimi, mtoto alibanwa na haja." Basi, kwisha. Ameshajitaja dereva, na hizo siku 14 hazimhusu tena.

Na wale wa "waonyeshe kwanza hasara waliyopata": mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilimwamuru Barry Beavis alipe pauni 85 kwa kupitiliza dakika 56 kwenye maegesho ya Chelmsford, ya bure kwa saa mbili. Hasara haikuwapo, na bado alitakiwa kulipa. Kati ya majaji saba, Lord Toulson peke yake alimpa Beavis haki. Nikiri, kila nikiisoma hukumu ile namwelewa Toulson kuliko wale sita. Lakini mbele ya hakimu siwezi kumtumia.

Kaka tulimfungulia bahasha zote, moja moja, kwa kisu cha mkate. Notisi ya kwanza, kwa hesabu yangu, ilimfikia siku ya 19. Barua moja ya pingamizi ingeweza kuimaliza. Badala yake tulikuwa na karatasi ya mahakama iliyobakiza siku tatu za kujibu, na hukumu ikishaingia, usipoilipa ndani ya mwezi, inakaa miaka 6 kwenye rekodi yako ya mikopo. Naye alikuwa anatafuta nyumba ya kununua. Nikamwomba kalamu.