Faili Moja, Mikono Kumi

Kila kontena linaloteremshwa katika bandari ya Kilindini limeandikwa herufi nne na tarakimu saba. Herufi tatu za mwanzo humtambulisha mwenye kontena. Ya nne huonyesha aina, na kwa makontena ya kawaida ni U. Tarakimu sita zinazofuata ni nambari yenyewe. Ile ya saba, ambayo aghalabu huchorewa kisanduku, ni tarakimu ya ukaguzi: hupatikana kwa kupiga hesabu ya herufi nne na tarakimu sita zilizoitangulia. Karani akiandika 6 mahali pa 9, hesabu hugoma na kosa linaonekana papo hapo. Waliobuni utaratibu huu walijua kwamba nambari ikipita midomo na mikono mingi, mahali fulani itapotoka.

Ujumbe wa WhatsApp hauna tarakimu ya ukaguzi. Barua pepe haina, na faili ambalo watu kumi wanaliandika kwa pamoja halina. Neno lililokosewa hufika upesi sawasawa na lililo sahihi, na hapo ndipo faida ya mawasiliano ya kielektroniki hugeuka hasara. Makala haya yanawahusu maajenti wa kutoa mizigo, wenye maduka, makatibu wa vyama na wasimamizi wa shule wa Mombasa, ambao siku hizi hufanya kazi na watu wasioonana nao uso kwa uso.

Upesi wenyewe ni neema, tusiudharau. Waya wa telegrafu wa baharini ulifika Mombasa kutoka Unguja mwaka 1890, lakini mpaka 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea zaidi setilaiti zilizo kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali hupanda na kushuka, jibu nalo hupanda na kushuka, na karibu nusu sekunde imeshapotea njiani. Mwaka huo nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zikafika pwani yetu, EASSy ikafuata 2010 na LION2 2012. TEAMS huenda Fujairah katika Falme za Kiarabu, kama kilomita 5,000 kutoka hapa. Mwanga unaobeba ujumbe ndani ya nyuzi za kioo za waya huo humaliza mwendo huo kwa sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Ndiyo maana karani aliyeko Changamwe na mwenzake aliyeko Dubai wanaweza kufungua jedwali moja, huyu akaona kishale cha yule kikitembea.

Lakini waya hauondoi saa za dunia. China iko mbele yetu kwa saa tano: Mombasa ikiwa saa sita adhuhuri, kule ni saa kumi na moja jioni na watu wanafunga ofisi. Mtu anayetuma "Habari yako?" kisha akangoja kuitikiwa ndipo aeleze shida yake, ameitupa siku nzima. Kwetu salamu ni ada na hakuna anayesema iachwe. Ila salamu na haja ziende katika ujumbe mmoja: salamu, nambari ya kontena, kinachotakiwa, kinatakiwa lini, na nani anatakiwa kujibu.

Saa yetu nayo ina mtego wake. Ukimwandikia dereva "kesho saa moja", atakuja alfajiri ikiisha, jua likiwa bado changa. Ukiiweka "saa moja" hiyo kwenye kalenda ya simu kwa kubonyeza 1:00, kengele italia saa saba, ya usiku au ya mchana. Kosa hili hutokea kila mara mtu anapofasiri saa kichwani akiwa na haraka. Dawa yake ni kuandika zote mbili, "saa moja asubuhi, 07:00", na kumtaka mwenzako airudie. Wala usitosheke na "sawa". Neno hilo kwenye skrini laweza kuwa "nimekubali", laweza kuwa "nimeona, nitafikiri", na laweza kuwa "nimechoka nawe". Ana kwa ana, uso ungekwambia ni ipi.

Tuje kwenye faili. Ofisi nyingi zina folda yenye "ankara mwisho", "ankara mwisho 2" na "ankara mwisho kabisa". Chanzo chake si uzembe. Kila kiambatisho kinachotumwa huzaa faili jipya kwenye kompyuta ya aliyekipokea. Watu wanne wakirekebisha kila mmoja nakala yake, mnakuwa na ankara nne, na hakuna mashine itakayojua ipi ndiyo. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Njia iliyo salama ni kuliweka faili mahali pamoja kwenye hifadhi ya mtandaoni, Google Drive au OneDrive, na kutuma linki badala ya faili. Kabla ya kutuma, fungua sehemu ya kushiriki na uamue ngazi ya kila mtu: kusoma tu, kutoa maoni, au kuhariri. Mteja apewe kusoma. Mhasibu apewe kutoa maoni, ili pendekezo lake lionekane pembeni bila kugusa maandishi. Wanaohariri wawe wawili au watatu, na mmoja wao ndiye mwenye faili, anayeamua mkibishana. Usichague "yeyote mwenye linki" kwa hati yenye majina au bei za watu, kwa kuwa linki hiyo ikirushwa kwenye grupu jingine itamfungulia yeyote aliyeko huko, bila wewe kujua.

Mtu akifuta safu nzima kwa bahati mbaya, msianze kuandika upya. Fungueni historia ya matoleo. Humo mtaona nani alibadili nini na saa ngapi, na mnaweza kulirudisha faili lilivyokuwa asubuhi. Kazi ikishakamilika, toeni nakala ya PDF isiyohaririwa na muipe jina linaloanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa mfano 2025-03-14. Kompyuta ikizipanga kwa herufi, zitakuwa zimejipanga kwa tarehe pia.

Picha za hati zina shida yao. WhatsApp huibana picha ili isile bando, na kinachopotea kwanza ni alama ndogo: 3 na 8 hufanana, mhuri huwa doa la buluu. Mpokeaji akiikuza, haoni ila ukungu. Piga picha karibu na dirisha bila taa ya simu, karatasi ikiwa bapa, halafu uitume kwa kuchagua "hati" badala ya "picha"; hapo haibanwi. Kwa barua pepe, kumbuka kwamba kiambatisho hufungashwa upya kabla ya kusafiri na hunenepa kwa karibu theluthi moja. Faili la MB 20 husafiri likiwa na zaidi ya MB 26, na huenda sanduku la mpokeaji likalikataa. Mafaili yakiwa makubwa hivyo, tuma linki.

Grupu la WhatsApp ni zuri kwa habari za haraka: foleni iko Kibarani, feri moja Likoni imesimama, stima imepotea. Ni baya kwa maamuzi. Uamuzi uliotolewa saa nne utafunikwa na pole, hongera na dua kabla ya adhuhuri, na aliyekuwa barabarani hataupata. Mkishakubaliana, mtu mmoja auandike kwa mstari mmoja, nani atafanya nini mpaka lini, kisha aubandike juu ya grupu au aupeleke kwenye faili la pamoja. Ujumbe wa sauti una heshima yake, hasa kwa asiyesoma vizuri au mwenye mikono iliyojaa kazi, tena hubeba hisia ambazo maandishi huziua. Lakini hauwezi kutafutwa kwa neno. Nambari, bei na tarehe zisitamkwe tu, ziandikwe.

Mikutano ya video hula data kuliko watu wanavyodhani: mkutano wa kikundi wa saa moja huweza kumaliza kati ya MB 500 na zaidi ya GB 1, ilhali sauti peke yake hutumia makumi machache ya MB. Kamera zifunguliwe wakati wa kusalimiana kisha zizimwe, isipokuwa palipo na kiziwi anayetumia lugha ya ishara. Huyo kamera ndiyo sikio lake, na kwake simu ya video ilifungua mlango ambao simu ya kawaida haikuwahi kuufungua.

Hasara kubwa kuliko zote ni ya pesa, na kwa mji wa bandari kama huu inafaa ielezwe hatua kwa hatua. Tapeli hupata nywila ya barua pepe ya upande mmoja, mara nyingi kwa linki ya uongo inayofanana na ukurasa wa kuingilia. Hafanyi fujo. Huweka mpangilio unaomtumia nakala ya kila barua, akakaa kimya wiki kadhaa akisoma: nani anamlipa nani, wanaitana vipi, ankara itatoka lini. Ankara halisi ikikaribia, hutuma yake kutoka anwani inayofanana na ya muuzaji. Herufi r na n zikikaa pamoja husomeka kama m. Tarakimu 1 husimama mahali pa l. Nembo ni ile ile, kiasi ni kile kile. Kilichobadilika ni akaunti ya benki, na kisingizio ni kwamba "akaunti ya zamani inakaguliwa".

Hapa ndipo tarakimu ya ukaguzi inahitajika kuliko mahali pengine popote. Akaunti ikibadilika, mpigie muuzaji kwa nambari uliyokuwa nayo tangu mwanzo, kamwe si ile iliyo kwenye barua hiyo, na umwombe akusomee akaunti yeye mwenyewe. Malipo yaidhinishwe na watu wawili. Kwa M-Pesa, soma jina linalojitokeza kabla ya kumaliza; haraka ya sekunde mbili ndiyo humlisha tapeli. Kama pesa zimeshaondoka, piga simu benki saa ile ile uombe muamala uzuiwe, halafu uripoti polisi ukiwa na barua zote bila kufuta hata moja. Kituo cha kitaifa cha kukabiliana na mashambulizi ya mtandao, KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, nacho hupokea ripoti. Kisha ingia kwenye mipangilio ya barua pepe, tafuta sehemu ya kuelekeza barua kwingine, ufute usichokitambua. Kubadili nywila huku ukiuacha mpangilio huo wa tapeli ni kufunga mlango wa mbele na wa uani uko wazi.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani ulinzi unaodai siri ya pili kabla ya kumruhusu mtu kuingia, kwenye barua pepe na WhatsApp zote za ofisi. Anayekuomba tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako, awe amejitambulisha kama mjomba, kasisi au mwenyekiti wa chama, anataka kuihamisha akaunti yako kwenye simu yake. Huenda ni akaunti ya mjomba kweli, iliyokwisha kuibwa jana.

Kuna na haki za watu wengine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azitumie kwa kazi aliyozikusanyia na azilinde. Picha ya kitambulisho cha mteja ikirushwa kwenye grupu la watu sitini, imeingia simu sitini, na kuifuta kwenye simu yako hakuirudishi. Hati za aina hiyo zikae kwenye folda inayowafungukia tu watu waliotajwa kwa majina. Mfanyakazi akiondoka kazini, aondolewe kwenye grupu na folda siku hiyo hiyo, hata kama mmeachana kwa wema.

Mwisho, mtandao hukatika. Februari 2012 nanga ya meli iliukata waya wa TEAMS nje ya Mombasa. Mwaka 2024 nyaya zilikatika Bahari ya Shamu, na Mei mwaka huo SEACOM na EASSy zikakatika pamoja upande wa Afrika Kusini, intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kujikokota. Kampuni ya meli ya Maersk, ambayo makontena yake tunayaona kila siku barabarani, ilishambuliwa na kirusi Juni 2017, ikalazimika kusimika upya kompyuta 45,000. Mashine zote zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilifutika, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, iliyonusurika kwa sababu stima ilikuwa imepotea huko na mashine haikuwa mtandaoni. Sisi tunaolalamikia stima kila wiki, tukio hilo latufaa kulikumbuka: nakala iliyookoa kampuni nzima ndiyo iliyokuwa haijaunganishwa na chochote.

Kwa ofisi ndogo, utaratibu ni nakala tatu za kila faili muhimu, kwenye hifadhi za aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Ya kwanza kwenye hifadhi ya mtandaoni, ya pili kwenye kompyuta ya ofisi, ya tatu kwenye diski ya nje inayochomekwa Ijumaa, ikanakili, kisha ikachomolewa na kupelekwa nyumbani. Diski inayoachwa imechomekwa, kirusi kikiingia huila pamoja na kompyuta. Nambari za simu za benki, wateja wakubwa na madereva zichapwe kwenye karatasi na zibandikwe ukutani. Mara moja kwa mwezi zimeni ruta kwa saa moja, mwambieni karani atafute hati za kontena la wiki iliyopita, na muandike kila alichokikosa.