Je wajua kwa nini chakula cha mtaani cha Singapore hakiuzwi mtaani?

Mi nilijua nimepigwa. Nimelipia ziara ya chakula cha mtaani, nimeshinda njaa makusudi tangu asubuhi, kichwani nina picha ya moshi na mabenchi na taa za chemli kama Forodhani vile, halafu mama aliyekuwa anatuongoza anatuingiza kwenye jengo linaitwa Chinatown Complex, mtaa wa Wachina, tunapanda ngazi tunatokea kwenye ukumbi mkubwa wa mafeni, meza zimefungwa sakafuni zisihame, na vibanda zaidi ya 200 vimejipanga kwa mistari, kila kimoja na namba yake. Nikamuuliza yule mama, anti, sasa mtaa uko wapi? (Kule ukimwita muuza chakula anko au anti hakuna anayeshangaa, ndo wanavyoitana, hilo nililipenda sana.) Akacheka, akasema mtaa ndo huu, uliingizwa ndani.

Iko hivi. Baada ya vita vya pili vya dunia kazi hazikuwepo, na mtu asiye na kazi lakini anajua kupika anajua pia pa kwenda. Wakajaa barabarani. Wengine na mikokoteni, wengine na mzega kabisa, mti begani, upande mmoja jiko na sufuria, upande wa pili mabakuli na viungo. Wauza tambi walikuwa wanamtanguliza kijana anagonga vipande viwili vya mianzi, tok tok tok, ukisikia kule juu ghorofani unajua tambi zimefika.

Tamu ilikuwepo, shida ilikuwa maji. Hakuna bomba, vyombo vinasuuzwa kwenye ndoo ileile tangu asubuhi, makombo yanaenda mtaroni, mtaro unaenda mto Singapore, panya wananenepa. Kipindupindu na homa ya matumbo vikawa vinakuja na kurudi. Nchi ikapata uhuru 1965, na kati ya 1968 na 1969 wakaandikisha wauzaji kisiwa kizima, wapatao 18,000 wakapewa leseni za muda na kusogezwa vichochoroni na kwenye maegesho ya magari. Fukuzafukuza nayo ilikuwepo, asikudanganye mtu. Kisha kuanzia 1971 mpaka 1986 wakajenga majengo yenyewe, wanayaita hawker centre, yenye maji ya bomba, umeme, mifereji ya maji machafu na vyoo, wauzaji wakahamishiwa humo mpaka barabara zikawa nyeupe.

Sasa swali langu la pili, maana sisi hadithi ya kuhamisha wafanyabiashara wadogo tunaijua, Machinga Complex ya Dar ilivyokaa miaka vizimba vitupu nani asiyekumbuka. Kwa nini kule walikubali kukaa? Nikimsikiliza yule mama nikaona jibu kubwa ni kwamba wateja nao walikuwa wanahama. Kipindi hichohicho serikali ilikuwa inajenga maghorofa ya makazi kila kona, na hawker centre zikawekwa hukohuko chini ya maghorofa, pembeni ya soko na karibu na kituo cha basi. Mtu anashuka toka kwake na ndala anakuta uji wa wali, roti, kahawa. Halafu waliohamishwa wakapewa kodi nafuu yenye ruzuku, ndo maana bei ya sahani ilibaki ya mtu wa kawaida. Mwaka 2016 kibanda kimoja humohumo Chinatown Complex, cha Chan Hon Meng, kilipewa nyota ya Michelin, ile tuzo ya migahawa ya kifahari duniani, kwa wali na kuku wa sosi ya soya, sahani ilikuwa inauzwa kama dola 2 za kule. Nyota ya Michelin, na unakula kwenye sahani ya plastiki!

Kitu kingine kilichonishangaza, kibanda kinauza kitu kimoja tu, vikizidi viwili. Anko anauza wali wa kuku, basi, miaka 40, ukitaka supu ya samaki nenda kwa jirani. Mama akaniambia hiyo imetoka kwenye mzega, begani ungebeba jiko la vyakula vingapi? Wamepata jengo lakini mkono umebaki palepale. Ndo maana unahitaji mwenyeji wa kukuongoza pia, maana peke yako utasimama katikati ya ukumbi umeduwaa, kila kibanda kina foleni. Na wa kukuongoza kwa malipo lazima awe na leseni, sio mtu yeyote anajiokotea watalii.

Mwenyeji anakuokoa na aibu pia. Mi niliona meza tupu ina pakiti ya tishu nikasema mtu kasahau, nikakaa. Kumbe tishu ndo mtu mwenyewe! Wanaita chope, umeacha tishu umeshawahi kiti, na watu wanaiheshimu kuliko kitambulisho. Ukimaliza kula unarudisha trei mwenyewe, toka 2021 ukiiacha mezani unapewa onyo, ukirudia ni faini. Pana sehemu ya trei za vyombo vya halali na sehemu ya zisizo halali, maana Wachina, Wamalai na Wahindi wanakula ukumbi mmoja. Kwa Waislamu, kwenye hawker centre za Geylang Serai na upande mkubwa wa Tekka hutahangaika, angalia cheti tu ukutani.

Kahawa sikuielewa vizuri, wanakaanga buni na sukari na siagi, inakuwa nyeusi tititi, wanamwagia maziwa ya kopo. Nilimaliza kwa heshima.

UNESCO waliuingiza utamaduni huu kwenye orodha yao ya urithi Desemba 2020, lakini ukiangalia nyuma ya majiko wengi ni wazee, umri wa kati ni kama miaka 60, na watoto wao wana digrii na viyoyozi, nani anataka kuamka saa 10 usiku kuchemsha mifupa. Anayeingia sasa anashindania kibanda kwa tenda, sio kodi ile ya wazee.

Tulimalizia Lau Pa Sat, soko la chuma la mwaka 1894 katikati ya maghorofa ya mabenki. Saa 1 jioni wakafunga barabara ya pembeni, Boon Tat, magari hayapiti, meza zikashushwa juu ya lami na majiko ya mkaa yakawashwa. Satay, yaani mishkaki midogo ya kuchovya kwenye mchuzi wa karanga. Moshi ukanijaa machoni. Nikaagiza vijiti 10, nikaongeza 10.