Dawa za kusisimua mwili: nguvu anayoihisi mtumiaji inatoka wapi?

Katika mihadhara tunayoitoa kwa umma kuna swali ambalo halikosi kuulizwa: kama kokeini au methamfetamini ina madhara makubwa kiasi hicho, mbona aliyeitumia huonekana mchangamfu, jasiri na asiyechoka? Muulizaji ana haki ya kuuliza, kwa sababu anachokiona ni kweli. Mtumiaji anachangamka. Lakini ile nguvu haitoki kwenye dawa. Dawa hizi hazina lishe, haziongezi oksijeni kwenye damu wala hazijazi akiba ya sukari kwenye misuli. Kinachotumika ni kile ambacho mwili ulikuwa umejiwekea wenyewe. Dawa inaulazimisha mwili uitumie akiba hiyo upesi, na papo hapo inazinyamazisha dalili ambazo zingemwambia mtu kwamba sasa imekwisha. Karibu madhara yote nitakayoyaeleza hapa yanaanzia kwenye mambo hayo mawili.

Kundi lenyewe ni kubwa. Limo kokeini, pamoja na kreki ambayo ni kokeini iliyotengenezwa ili ivutwe kwa moshi. Zimo amfetamini na methamfetamini, imo ekstasi, na imo kathinoni, ambayo ndiyo kemikali inayochangamsha katika mirungi. Kathinoni huharibika haraka jani linapokauka, na hiyo ndiyo sababu mirungi hutafunwa ikiwa mbichi. Ukali wa dawa hizi unatofautiana sana, lakini zote zinapita mlango mmoja wa ubongo.

Ili kuelewa zinachofanya, tusogee karibu kabisa na seli za neva. Ubongo wa binadamu una seli hizo kiasi cha bilioni 86, na nyingi kati yake hazigusani. Baina ya seli moja na jirani yake kuna mwanya mdogo mno: chukua milimita moja uigawe mara 50,000, kipande kimoja ndicho upana wake. Ujumbe huuvuka mwanya huo kwa njia ya kemikali. Seli ya kwanza humwaga kemikali, kwa mfano ile iitwayo dopamini, ya pili huipokea, kisha protini zilizopo kwenye ukuta wa seli ya kwanza huifyonza dopamini na kuirudisha ndani ili itumike tena. Yote hayo yanamalizika ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, na mwanya unabaki safi ukisubiri ujumbe mwingine.

Kokeini huziziba protini hizo za kufyonza. Dopamini iliyomwagwa inakosa pa kurudi, inarundikana kwenye mwanya na kuendelea kuigonga seli ya pili. Amfetamini na methamfetamini huenda mbali zaidi. Huingia ndani ya seli kupitia protini zile zile, huitoa dopamini kwenye vifuko ilimohifadhiwa, kisha huzigeuza protini zifanye kazi kinyumenyume: zilizoumbwa kufyonza sasa zinasukuma nje. Tofauti nyingine ni muda. Nusu ya kokeini huwa imekwisha kuondoka kwenye damu baada ya saa moja hivi, ilhali nusu ya methamfetamini hukaa saa 10 hadi 12. Kwa hiyo utamwona wa kokeini akirudia mara kwa mara ndani ya usiku mmoja, na wa methamfetamini akikesha siku mbili tatu mfululizo bila kuonja usingizi.

Dopamini imezoeleka kuitwa kemikali ya raha. Mimi naona maelezo hayo yanapotosha. Kazi yake kubwa ni kufundisha. Inauambia ubongo: hiki kimekuwa chema kuliko ulivyotarajia, kikumbuke, kitafute tena. Mwaka 1954, huko Montreal, wanasayansi James Olds na Peter Milner walichomeka waya mwembamba kwenye sehemu fulani za ubongo wa panya, wakampa kitufe cha kujipitishia umeme hafifu mwenyewe. Panya alikibonyeza kitufe mamia ya mara kwa saa. Hakuwa amejazwa tumbo wala kuondolewa maumivu. Alikuwa amefundishwa na ubongo wake kwamba kitufe ndicho jambo la maana kuliko yote. Dawa za kusisimua zinafanya somo hilo hilo bila waya.

Na somo hukolea kadiri dawa inavyofika ubongoni haraka. Ikivutwa kwa moshi hufika ndani ya sekunde chache, na ikidungwa kwenye mshipa vivyo hivyo. Ikinuswa huchukua dakika kadhaa. Ikimezwa, huenda ikapita nusu saa au zaidi. Dawa ni ile ile, lakini uwezekano wa kumnasa mtu si ule ule. Hapa ndipo penye jibu kwa wazazi wanaoshtuka mtoto wao anapoandikiwa methilfenideti kwa sababu ya tatizo kubwa la kukosa utulivu na umakini. Ndiyo, ni dawa ya kusisimua. Lakini inamezwa kwa dozi ndogo, inapanda taratibu, na daktari anafuatilia uzito, usingizi, presha na mapigo ya moyo ya mtoto. Kidonge hicho hicho kikisagwa na kunuswa na mtu asiyeandikiwa, ni habari nyingine kabisa.

Ubongo haukai kimya unapofurikwa na dopamini. Hupunguza vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea dopamini, ili kelele ipungue. Matokeo yake dozi ya jana haitoshi leo, na baya zaidi, mambo ya kawaida hayana tena uzito. Chakula kitamu, maongezi na rafiki, mtoto anayekimbilia mlangoni: vyote hivyo hutoa dopamini kiasi, na kiasi hicho sasa hakisikiki. Familia hutuambia, “Huyu hatupendi tena sisi.” Nawaomba wasilichukue hivyo. Uwezo wake wa kuguswa umefifia, na aghalabu yeye mwenyewe analiona hilo na kuumia. Wakati huo huo sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupima matokeo na kujizuia, inadhoofika, huku kumbukumbu za dawa zikizidi kuwa kali. Njia aliyozoea kupita, sauti ya mtu fulani, hata kuona kipande cha karatasi ya foili, vyaweza kumwamshia hamu kabla hajafikiri lolote.

Sasa tuje kwenye moyo, kwani huko ndiko vifo vya ghafla vinakotokea. Dawa hizi hazigusi dopamini peke yake. Huongeza pia noradrenalini, kemikali ya mwili unapojiandaa kupigana au kukimbia. Mapigo yanaongezeka, presha inapanda, na moyo unahitaji oksijeni nyingi zaidi. Katika dakika hizo hizo mishipa inayoulisha moyo inabana, na damu inakuwa rahisi kuganda. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba katika saa ya kwanza baada ya kutumia kokeini, hatari ya mtu kupata mshtuko wa moyo hupanda takriban mara 24. Umri mdogo si kinga.

Kokeini ina sumu ya pili kwa moyo. Mwaka 1884, mjini Vienna, daktari Carl Koller aligundua kwamba matone ya kokeini yanaweza kulitia jicho ganzi likafanyiwa upasuaji bila mgonjwa kuhisi. Ganzi hiyo hutokea kwa kuwa kokeini huzuia umeme usisafiri kwenye neva. Moyo nao unadunda kwa umeme. Kokeini inapovuruga njia hizo, mapigo yanaweza kupoteza mpangilio na kusimama. Ukichanganya na pombe, ini linatengeneza kemikali mpya iitwayo kokaethilini, inayokaa mwilini muda mrefu kuliko kokeini yenyewe na kuuchosha moyo zaidi. Wapo wanaoamini pombe “inaishusha” kokeini. Haishushi. Inaficha makali yake tu, na kazi ya kuyabeba inaachiwa moyo.

Hatari inayosahaulika ni joto. Tarehe 13 Julai 1967, Tom Simpson, mwendesha baiskeli Mwingereza mwenye umri wa miaka 29, alikuwa akipanda mlima Mont Ventoux nchini Ufaransa katika mashindano ya Tour de France. Jua lilikuwa kali. Karibu na kilele alianza kuyumba, akaanguka, akasaidiwa kupanda tena, akaanguka tena na hakuinuka. Uchunguzi wa maiti ulikuta amfetamini na pombe mwilini mwake. Alikuwa mwanamichezo wa kiwango cha dunia, na mwili wa mtu wa aina hiyo unajua vizuri sana wakati wa kusimama. Ishara ya kusimama ndiyo iliyozibwa. Misuli inayofanya kazi kwa nguvu huzalisha joto, nalo hutoka kupitia mishipa ya ngozi. Dawa inaibana mishipa hiyo, joto linabaki ndani, na uchovu ambao ungemlazimisha mtu kukaa kivulini hausikiki. Mwili ukipita nyuzi 40, misuli huanza kuvunjika, mabaki yake yanaziba figo, na ubongo unaweza kuingia kwenye degedege. Ndiyo yanayowapata pia wanaocheza muziki usiku kucha kwenye ukumbi uliofungwa baada ya kumeza ekstasi.

Kwa hiyo ukimwona mtu aliyetumia amekuwa wa moto mno, amechanganyikiwa, ana maumivu ya kifua, ameanza degedege au anatetemeka bila kujitawala, ita msaada wa dharura mara moja. Mtoe kwenye joto, mpunguzie nguo, mlowanishe kwa maji ya baridi na mpepee. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe maji kidogo kidogo. Usimlaze kifudifudi na kumkandamiza hata kama anapigana. Kumkandamiza kunaongeza joto na kumbana pumzi. Akiwa na degedege, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kitu mdomoni, na ikiisha mlaze ubavu. Kisha mwambie mhudumu wa afya ukweli wa kilichotumika. Kijana anayefika hospitali na maumivu ya kifua akificha kokeini anaweza kupewa dawa ambayo daktari angeiepuka lau angejua.

Akili nayo ina kikomo chake. Kukesha kwa siku kadhaa pamoja na dopamini iliyofurika humfanya mtu aanze kuona maana pasipo na maana. Gari lililoegeshwa linamfuatilia. Majirani wanamsema ukutani. Wengine huhisi wadudu wakitembea chini ya ngozi, wakajikuna na kujichimba mpaka vidonda. Hilo si uongo wala kurogwa, na kubishana naye hakusaidii. Mpunguzie kelele na watu, ongea kwa sauti ya chini, mfikishe kwa mtaalamu. Kwa wengi hali hii hutulia ndani ya siku au wiki chache baada ya kuacha, lakini wapo ambao hubaki nayo muda mrefu, hasa kwa methamfetamini.

Madhara mengine yanajulikana zaidi, nitayapitia haraka. Kokeini hubana mishipa ya pua hadi ukuta wa katikati unakosa damu na kutoboka. Methamfetamini hukausha mate na kumfanya mtu asage meno, na kwa kuwa anasahau kupiga mswaki, meno huoza kwa kasi ya kutisha. Kwa mjamzito, dawa hizi zinaweza kusababisha kondo la nyuma kubanduka kabla ya wakati, jambo linalotishia uhai wa mama na mtoto kwa pamoja. Tena kinachouzwa mitaani ni nadra kuwa kitu kimoja. Kokeini nyingi imekutwa na levamisoli, dawa ya minyoo inayoweza kushusha seli nyeupe za damu.

Kuhusu kuacha, familia zinahitaji kujua mapema kitakachotokea. Siku za kwanza mtu hulala kupita kiasi, hula sana, ana hasira na sonona. Wengine hufikia kutamani kufa, kwa hiyo asiachwe peke yake. Hii ndiyo akiba iliyotumika inavyodai kurudishwa. Baada ya wiki moja au mbili anaweza kuonekana amepona, na ndipo wengi wanapomwondolea uangalizi, wakati hamu ingali inaweza kumvamia miezi mingi baadaye. Uchunguzi wa picha za ubongo wa waliotumia methamfetamini umeonyesha kwamba zile protini za kufyonza dopamini, zilizokuwa zimepungua, huongezeka tena baada ya mwaka mmoja na zaidi bila kutumia, ingawa kumbukumbu na wepesi wa viungo havirudi kwa kasi hiyo hiyo. Ubongo unajijenga upya, ila hauna haraka.

Bado hatuna kidonge cha kutibu uraibu wa dawa hizi, tofauti na heroini ambayo ina methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini. Tiba yenye ushahidi mkubwa zaidi huwashangaza watu kwa urahisi wake: mtu hupimwa mkojo mara mbili au tatu kwa wiki, na kila akionekana hajatumia anapewa zawadi ndogo papo hapo, thamani yake ikipanda kadiri anavyoendelea; akiteleza, inarudi ilipoanzia. Baadhi ya watu hukereka wakisikia mraibu analipwa kwa kuacha. Lakini tumeona kilichouharibu ubongo ni somo la thawabu ya haraka, na zawadi hiyo inaufundisha somo jingine kwa lugha ambayo bado unaielewa, huku ushauri nasaha ukimsaidia kujenga upya usingizi, kazi na uhusiano wake na watu. Anayetaka kuanza aende kituo cha afya kilicho karibu naye aombe kupelekwa kwenye huduma ya uraibu, na aseme dawa gani, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini.