Jasho halisafishi damu

Jumamosi asubuhi msituni Karura hukosi kumwona mtu akikimbia na majaketi mawili, eti “atoe sumu”. Kazi ya jasho si hiyo. Jasho ni maji na chumvi, pamoja na taka chache mno, na lipo ili kupoza mwili: kila lita inayokauka juu ya ngozi huondoka na joto la takriban kilokalori 580. Linalolowa kwenye jaketi halipozi kitu, kwa hivyo joto la ndani hupanda kutoka 37°C kuelekea 39 au zaidi, na tezi huzidi kumwaga maji. Ile kilo iliyopungua kwenye mizani karibu yote ni maji, itarudi ukinywa.

Taka zina wenyewe. Ini hugeuza amonia, ambayo ndiyo sumu hasa, kuwa urea, figo huitoa. Figo mbili huchuja takriban lita 180 za umajimaji kutoka kwenye damu kwa siku, kisha hurudisha zaidi ya asilimia 99, ukabaki mkojo wa lita moja na nusu hivi. Ukikaukiwa, ubongo hutoa homoni inayoziamuru figo zibane maji, na mkojo hukolea. Ukizidi kukaukiwa, damu inayofika kwenye figo hupungua na uchujaji wenyewe hushuka. Yaani jaketi linakwamisha usafi uleule unaotafutwa!

Mkojo ukitoka kama strungi baada ya mazoezi, na misuli inauma kupita kawaida, nenda hospitali siku hiyohiyo: huenda misuli imeharibika na protini yake inaumiza figo.