Je, wajua kwa nini Daubigny alichora vijiji akiwa ndani ya mashua?

Ukitazama michoro ya mto Oise ya Mfaransa Charles-François Daubigny (1817–1878), mara nyingi hutaona mahali ambapo mchoraji angeweza kusimama. Maji yanaanzia chini kabisa ya turubai, kwa kuwa mwenyewe alikuwa mtoni.

Mwaka 1857 alipata mashua ya tumbo bapa, akaiwekea kibanda na kuiita Botin. Kwa tumbo hilo iliweza kupita penye kina kifupi na kusogea hadi kwenye matete. Kibanda kilimkinga mvua na upepo, na usiku alilala humo. Rangi za mafuta zilikwisha kuanza kuuzwa ndani ya tyubu, kwa hiyo hazikumkaukia safarini.

Faida kubwa ilikuwa kimo cha jicho. Anayetazama chini kutoka darajani huona ndani ya maji. Jicho likiwa karibu na uso wa maji, mto huakisi anga na miti kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana mara nyingi alichagua turubai ndefu, upana wake karibu mara mbili ya kimo, ili ukingo upite wote kama mstari mwembamba kati ya anga mbili.

Katika mstari huo ndimo walimo wanakijiji: wanawake wanaofua, ng'ombe wanaokunywa maji, bata. Wote wadogo. Mchoraji mwenzake Jean-François Millet, mtoto wa mkulima, mwaka huohuo wa 1857 alionyesha wanawake watatu wakiokota masazo ya ngano, migongo imepinda, wameijaza turubai. Kwa Daubigny jasho halionekani. Ni kijiji cha mpita njia, ingawa utotoni alilelewa na mlezi huko Valmondois, karibu na mto huo.

Mashua nayo ilikuwa na taabu zake. Meli za mvuke zikipita, mawimbi yaliitikisa. Jambo hilo alilifanyia mzaha katika michoro yake ya kuchapwa ya 1862. Tena mwanga wa jioni hausubiri, na rangi ya mafuta ikirudiwa-rudiwa kabla haijakauka huchanganyika ikawa tope. Dawa yake ni mkupuo mpana wa brashi, uwekwe mara moja na kuachwa. Mwaka 1861 mhakiki Théophile Gautier alilalamika kwamba Daubigny anaridhika na taswira ya haraka na kupuuza maelezo madogo. Mchoraji Claude Monet hakujali lawama za namna hiyo: mwanzoni mwa miaka ya 1870, huko Argenteuil, mji ulio kando ya mto Seine, naye alijitengenezea mashua ya kuchorea.